Mpira wa Pumzi: Unaokoa, Lakini Unaweza Kuumiza

(Mazungumzo kwa wanafunzi wa uuguzi na kwa jamaa za wagonjwa, Kolwezi)



Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo sana: mpira mmoja mwembamba kuliko kidole gumba, urefu wake kama shubiri moja na nusu. Tunauita mpira wa pumzi. Tunaupitisha kinywani, mara nyingine puani, mpaka ndani ya bomba la pumzi, ili hewa ifike mapafuni wakati mgonjwa hawezi kuivuta mwenyewe. Kwa mama anayepasuliwa akiwa usingizini, kwa mchimbaji aliyefukiwa na udongo, kwa mtoto aliyeungua uso kwa moto wa petroli, mpira huu ni daraja. Bila daraja hakuna kuvuka.

Lakini jamaa wakiuona wanaogopa. Wanauliza: «Mama infirmie, ile kitu muliyomutia mu kinywa, haitamuumiza? Atasema tena?» Msiwacheke watu hawa. Swali lao ni la haki, na linapaswa kujibiwa. Jibu la kweli ni hili: mpira unaokoa, na mpira unaweza kuumiza. Kwa miaka zaidi ya mia moja watu wenye akili wametafuta namna ya kuutengeneza ili uokoe bila kuumiza. Wamefanikiwa sana, lakini si kabisa. Sehemu iliyobaki iko mikononi mwako wewe unayemlinda mgonjwa usiku.

1. NJIA YA PUMZI NAMNA ILIVYO

Shika koo lako mbele kwa vidole viwili, kisha meza mate. Ule ugumu uliopanda na kushuka ni sanduku la sauti. Ndani yake muna nyuzi mbili za sauti, zinazofunguka tunapovuta pumzi na kukaribiana tunaposema. Chini ya nyuzi hizo kuna pete moja ya gegedu, mviringo mzima, isiyoweza kutanuka. Chini ya pete hiyo linaanza bomba la pumzi lenyewe. Hilo nalo lina pete nyingi, lakini zimeachwa wazi upande wa nyuma, kama herufi C.

Ndani ya njia hii yote kuna ngozi laini, yenye unyevu, iliyojaa mishipa midogo ya damu. Ngozi hii imelala juu ya gegedu, na gegedu ni ngumu. Basi, fikiri: ukiweka kitu kigumu ndani na kukisukuma nje, ngozi inabanwa katikati, kama mkono uliobanwa kati ya mlango na ukuta.

Fanya jaribio hili sasa hivi. Bonyeza ukucha wa kidole chako. Unaona unakuwa mweupe? Damu imefukuzwa. Achilia: wekundu unarudi. Ukiubonyeza dakika moja hakuna hatari. Lakini je, ukiubonyeza siku tatu, usiku na mchana?

Ndivyo inavyokuwa kooni. Kwanza ngozi inakuwa nyekundu na kuvimba. Kisha inafanya kidonda. Kidonda kikizidi kinafika kwenye gegedu. Mpira ukiisha kutolewa kidonda kinapona, lakini kinapona kwa kovu, na kovu, mnajua wenyewe, hujikunyata. Mtu aliyeungua mkono, kovu humkunja vidole. Na kovu la ndani ya bomba la pumzi hukunja bomba. Njia iliyokuwa pana kama kidole inabaki kama mrija wa kunywea soda.

2. SHABA ILIYOINGIA KATIKA KOO LA WATOTO

Sisi wa Lualaba tunaijua shaba. Tunaishi juu yake, vumbi lake tunalivuta, lori zake zinapita mlangoni kwetu usiku kucha. Pengine hamjui kwamba mipira ya kwanza iliyookoa watoto wengi haikuwa mipira, bali vibomba vya shaba ya njano, ile inayotengenezwa kwa kuchanganya shaba nyekundu na zinki, kisha vikapakwa dhahabu.

Munganga mmoja wa New York, jina lake Joseph O'Dwyer, alifanya kazi katika nyumba ya watoto waliotupwa na wazazi wao. Huko ugonjwa wa dondakoo uliua watoto kwa kuwaziba koo. Njia iliyokuwapo ilikuwa kutoboa koo kwa kisu, na wengi walikufa hata hivyo. O'Dwyer akaanza, karibu na mwaka 1880, kutafuta kibomba kifupi cha kukaa ndani ya sanduku la sauti, katikati ya nyuzi za sauti, mpaka ugonjwa upite. Mwaka 1885 akatangaza kazi yake.

Angalieni vizuri alivyofanya, maana ndiyo somo letu. Hakutosheka kuona kibomba kinapitisha hewa. Alitazama pia jinsi kinavyogusa. Kibomba kifupi mno kilirushwa nje na kikohozi. Ncha yenye ukingo mkali ilichoma ngozi. Basi akabadilisha umbo mara kwa mara: akalainisha ncha, akakifanya kinene kidogo katikati ili kisitoke, akatengeneza vipimo mbalimbali kwa umri wa mtoto. Akaona tena kwamba juu ya metali chumvi ya chokaa hushika na kukwaruza kama msasa. Ndiyo maana baadaye vibomba vikatengenezwa kwa mpira mgumu mweusi, ambao chokaa haishiki sana juu yake.

Mambo manne ya O'Dwyer bado ni sheria hata leo: umbo lifuate koo, ncha iwe laini, kipimo kimfae mgonjwa, na kitu chenyewe kisigombane na mwili. Nyingi ya kazi za miaka iliyofuata ni maelezo ya mambo hayo manne.

3. MPIRA MWEKUNDU NA BALONI YAKE

Baada ya vita ya 1914 mpaka 1918, Uingereza ilikuwa na askari wengi waliovunjwa uso na mizinga. Ili kuwapasua uso, huwezi kuweka kifuniko cha dawa ya usingizi juu ya pua ile ile unayotaka kuishona. Wanganga wawili wa usingizi, Ivan Magill na Stanley Rowbotham, wakazoea kupitisha mpira mpaka bomba la pumzi. Magill alitumia mpira mwekundu, uliopindika kidogo, na ncha yake ikakatwa mshazari. Mpira huo ukaenea duniani kote.

Lakini kulikuwa na upungufu: hewa ilivuja pembeni, na mate na matapishi yaliweza kuteremka. Huko Marekani, Arthur Guedel akatengeneza baloni ndogo ya kuzunguka mpira karibu na ncha yake, na mwaka 1928 yeye na Ralph Waters wakatangaza mpira wenye baloni. Baloni za kwanza alizitengeneza kwa vitu kama vidole vya glavu za mpira. Ili watu waamini kwamba hakuna kinachopita, alimlaza mbwa wake usingizi, akamtia mpira wenye baloni, akamzamisha ndani ya maji. Mbwa akatoka mzima. Tangu hapo kila mtu alitaka baloni.

Kwa operesheni ya saa moja ao mbili, mpira mwekundu haukuleta matata makubwa. Matata yalikuja pale wagonjwa walipoanza kukaa na mpira siku nyingi. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliushika mji wa Copenhagen. Katika hospitali ya Blegdam wagonjwa wengi waliacha kupumua, na mashini zilikuwa chache mno. Munganga Bjørn Ibsen akashauri watobolewe koo, watiwe mpira wenye baloni, na hewa isukumwe kwa mkono. Wanafunzi wa unganga kama 1,500 walipokezana kuminya mifuko ya hewa, mchana na usiku, wiki nyingi. Wanafunzi wangu, mkilalamika juu ya zamu ya usiku, kumbukeni wenzenu hao! Watu wengi sana waliokoka, na kazi ya kulinda wagonjwa mahututi ikazaliwa hapo.

Basi watu walianza kuokoka. Lakini katika miaka ya 1960 wengine walirudi hospitalini, wiki ao miezi baadaye, wakipumua kwa filimbi. Bomba la pumzi lilikuwa limesinyaa. Na palipobanwa mara nyingi palikuwa pale pale baloni ilipokaa.

4. TATIZO LILIKUWA NINI?

Baloni ya mpira mwekundu ilikuwa ndogo na nene. Ili ijae na kuziba bomba lote, ilibidi kuisukuma kwa nguvu. Ilipojaa ilikuwa duara gumu kama tunda, na bomba la pumzi si duara kamili. Basi bomba likalazimishwa kufuata umbo la baloni. Msukumo ndani ya baloni hizo ulipita mara nyingi sentimita 130 za maji. Sasa, damu katika mishipa midogo ya ngozi ya koo inaweza kushindana na msukumo wa sentimita 30 za maji, haizidi sana. Mwone hesabu yenyewe: 130 dhidi ya 30.

Mwaka 1969 huko Boston, Joel Cooper na Hermes Grillo waliweka jambo hili wazi kwa majaribio. Waliwatia mbwa mipira ya aina mbili: mmoja wenye baloni ngumu ya kawaida, mwingine wenye baloni pana na laini. Baloni ngumu ilifanya vidonda mpaka gegedu, baloni laini ilileta madhara madogo tu. Kumbe kosa halikuwa kuziba. Kosa lilikuwa namna ya kuziba.

Hivyo mawazo yakageuka. Baloni mpya ikawa kubwa kuliko bomba lenyewe, na ngozi yake nyembamba. Inajaa bila kuvutika. Inalala juu ya ukuta wa bomba kama shuka inavyolala juu ya mkeka. Haiwi kama jiwe. Mahali pa kugusa ni papana, kwa hiyo mzigo unagawanyika. Ni kama vile mama anavyobeba kapu kwa kata kichwani: mzigo ni ule ule, lakini hauchomi.

Mwaka 1984, Seegobin na van Hasselt walitazama kwa kamera ndani ya bomba la pumzi la wagonjwa 40 waliokuwa na baloni za namna hii mpya. Walipopandisha msukumo kupita sentimita 30 za maji, waliona ngozi inapoteza wekundu wake. Walipozidi kupandisha, damu ilikatika kabisa katika sehemu fulani. Basi hata baloni nzuri inaumiza ikijazwa ovyo. Likumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

5. MPIRA WENYEWE NAO UKABADILIKA

Si baloni peke yake. Mpira mwekundu ulikuwa haupenyi nuru: huwezi kuona damu ao makohozi ndani. Ulichemshwa na kutumiwa tena na tena mpaka ukawa mgumu na kupasuka. Katika miaka ya 1960 plastiki ya polivinili ilianza kuchukua nafasi yake. Plastiki hii ni angavu. Ni ngumu kidogo inapoingia, ili uweze kuielekeza. Kisha joto la mwili linailainisha, nayo inafuata mapindo ya koo. Watengenezaji wakalazimishwa kupima plastiki ndani ya nyama ya mnyama kabla ya kuitumia kwa mtu, kwa sababu dawa fulani zilizochanganywa katika plastiki ziliunguza ngozi.

Umbo nalo likachunguzwa. Bomba la pumzi na kinywa havina mstari mmoja; kuna mapindo. Mpira wa kawaida una pindo moja tu, kwa hiyo unapolala kooni unataka kujinyosha, na unasukuma sehemu ya nyuma ya sanduku la sauti. Mwaka 1969 Lindholm wa Uswidi alionyesha vidonda hivyo vya nyuma, akashauri mpira wenye umbo la koo lenyewe. Ndiyo sababu hata leo tunapendelea mpira mwembamba kidogo kuliko mnene unaosongana na nyuzi za sauti.

Angalieni pia ncha ya mpira. Utaona tundu dogo la pembeni. Hilo linaitwa jicho la Murphy, kwa jina la munganga aliyelieleza mwaka 1941. Ncha ikizibwa na makohozi ao ikigusa ukuta, hewa inapita kwenye jicho. Tundu dogo hivi limeokoa watu wengi.

Tena, kwa operesheni fupi, kwa nini kuingia ndani ya nyuzi za sauti hata kidogo? Archie Brain wa London alijiuliza swali hilo, na mwaka 1981 akajaribu kifaa kinachokaa juu ya sanduku la sauti kama kofia, bila kupita ndani. Tangu 1988 kinauzwa. Hakifai kwa kila mtu: mgonjwa mwenye tumbo limejaa, kama mama wa uchungu, anahitaji mpira wenye baloni. Lakini kwa wengi wengine nyuzi za sauti zinaachwa na amani yake.

6. MTOTO SI MTU MZIMA MDOGO

Hesabu hii kila mwanafunzi aijue kwa moyo. Chukua njia ya pumzi ya mtoto mchanga yenye upana wa milimita 4. Ikivimba milimita 1 tu kuzunguka pande zote, inabaki milimita 2, maana yake robo moja tu ya nafasi. Mtu mzima mwenye milimita 8, akivimba vilevile, anabaki na zaidi ya nusu. Uvimbe ni ule ule. Mtu mzima anakohoa na kulalamika, mtoto anakufa.

Ndiyo sababu kwa miaka mingi tulifundishwa: mtoto wa chini ya miaka 8, usimtie mpira wenye baloni. Chagua kipimo kwa kugawanya umri kwa 4 na kuongeza 4, kisha sikiliza kama hewa inavuja kidogo pembeni. Fundisho hili lilikuwa na sababu, kwa kuwa baloni za zamani zilikuwa nene.

Leo kuna baloni za watoto zenye ngozi nyembamba sana, zilizowekwa karibu na ncha ili zikae chini ya ile pete isiyotanuka. Mwaka 2009 Weiss na wenzake walichapisha hesabu ya watoto 2,246, tangu kuzaliwa mpaka miaka 5, katika hospitali 24 za Ulaya. Filimbi ya koo baada ya kutoa mpira ilionekana kwa watoto 4.4 katika mia wenye baloni, na 4.7 katika mia wasio na baloni. Karibu sawa. Lakini kubadilisha mpira kwa sababu kipimo hakikufaa kulihitajika kwa 2.1 katika mia wenye baloni, na kwa 30.8 katika mia wasio na baloni! Kila kubadilisha ni kukwaruza koo mara nyingine. Ukiwa na baloni, umri gawanya kwa 4, ongeza 3.5. Na msukumo uupime. Hapo hakuna mchezo.

7. HAPA KWETU TUFANYE NAMNA GANI?

Ndugu, kusoma juu ya Boston na London ni kuzuri, lakini wagonjwa wetu wako hapa. Wanatoka Kasulo na Kapata, Luilu na Fungurume. Wanaanguka ndani ya mashimo, wanagongwa kwenye barabara ya Likasi. Mwezi wa pili 2019 lori la asidi ya salfa lilipata ajali kwenye njia ya Lubumbashi na Kolwezi, watu wengi wakafa na wengine wakaungua vibaya. Aliyevuta moshi ao mvuke wa asidi, koo lake limekwisha kuumia kabla hujaligusa. Huyo hataki mkono mzito.

Basi fuateni mambo haya manane:

Kwanza, tayarisha vipimo vitatu vya mpira: unaofikiri unafaa, mmoja mdogo, mmoja mkubwa. Mwanamke mzima mara nyingi 7 ao 7.5, mwanaume 7.5 ao 8. Usichukue mkubwa kwa sababu tu ndio uko karibu na mkono.

Pili, jaribu baloni kabla ya kuingiza. Waya wa kuongoza usitokeze nje ya ncha ya mpira. Ukitokeza ni mkuki.

Tatu, mpira usipokubali kupita, usilazimishe. Toa, mpe mgonjwa hewa kwa kifuniko, chukua mdogo. Haraka haraka haina baraka.

Nne, baloni ipimwe. Msukumo unaotakiwa ni sentimita 20 mpaka 30 za maji. Fikiri maji yaliyosimama ndani ya kibomba, urefu wa shubiri moja na kidogo: huo ndio uzito wote ambao ngozi ya koo inakubali. Chini ya 20, mate yanateremka mapafuni na kuleta homa ya mapafu. Juu ya 30, damu inakatika. Usiseme «nimetia bomba la sindano moja, imetosha.» Koo si sawasawa. Usiseme «nimeminya baloni ya nje kwa vidole, iko muzuri.» Vidole vinadanganya, hata vya wazee wa kazi vinadanganya. Kipimo cha baloni ni kifaa kidogo, na ninawaomba wakubwa wa hospitali wakiandike katika orodha ya vitu vya kununua kabla ya vitu vya kupendeza macho. Kisipokuwapo, jaza pole pole huku ukisikiliza kooni, na usimame mara tu kuvuja kunapokwisha. Hiyo ni njia ya maskini, na si sawa na kipimo, kitakapopatikana, pima.

Tano, pima tena kila zamu, na kila mgonjwa anapogeuzwa. Mgonjwa akisafirishwa kwa ndege, kumbuka kwamba hewa hutanuka ndege inapopanda na hunywea inaposhuka. Baloni iliyokuwa sawa Kolwezi itabana juu angani. Pima baada ya kupanda, pima baada ya kushuka.

Sita, funga mpira vizuri, na andika namba iliyo kwenye midomo. Mpira unaocheza unasugua. Mgonjwa akihangaika, tafuta sababu: maumivu, kiu ya hewa, woga. Usimfunge mikono tu na kwenda.

Saba, mpira wa plastiki ulioandikwa kutumika mara moja, utumike mara moja. Ninajua uhaba. Lakini dawa ya kuoshea inaikausha plastiki, baloni inapata nyufa, na wadudu wanabaki ndani.

Nane, mpira ni mgeni. Wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kila asubuhi muulize munganga: je, leo mgeni huyu anaweza kwenda? Ikionekana atakaa siku nyingi, kutoboa koo kwa utaratibu kunaweza kuwa bora kwa sanduku la sauti. Na wakati wa kumtoa, ondoa hewa yote ya baloni kwanza. Kuvuta mpira wenye baloni iliyojaa ni kurarua nyuzi za sauti.

8. KWA AKINA MAMA NA AKINA BABA MLIO NYUMBANI

Sasa ninasema nanyi, jamaa wa mgonjwa. Mtu wenu akirudi nyumbani baada ya kukaa na mpira, sauti ya kukwaruza na koo kuuma siku mbili tatu ni kawaida. Mpeni maji, msimlazimishe kusema kwa nguvu.

Lakini mkumbuke tarehe. Tufikiri kijana mmoja aliyeanguka shimoni, akakaa na mashini ya kupumua siku kumi, akapona, akarudi kwao. Wiki ya tano anaanza kuchoka akipanda kilima. Akivuta pumzi kooni munalia filimbi. Jirani anasema: «Ni pumu, ao ni vumbi ya kimyango.» Anapewa dawa ya pumu, haisaidii. Anapewa nyingine. Siku moja anapata kikohozi kidogo, makohozi yanaziba ile njia nyembamba iliyobaki, na anakufa usiku, wakati ugonjwa wake ungeweza kutibiwa.

Kovu la bomba la pumzi linaweza kupanuliwa, na katika hospitali kubwa kipande kilichosinyaa kinaweza kukatwa na bomba kuunganishwa. Lakini lazima kwanza mtu afikiri juu yake. Kwa hiyo mseme neno moja kwa kila infirmie na kila munganga mtakayemwona: «Huyu alitiwa mpira kooni, siku kadha, mwezi fulani.» Andikeni kwenye karatasi yake ya hospitali. Nanyi wanafunzi, yeyote anayekuja na pumu mpya ukubwani, muulizeni: «Ulishalala na mpira wa pumzi?» Ugonjwa wa KOVID-19, uliofika nchini kwetu mwaka 2020, uliweka watu wengi duniani kwenye mashini kwa wiki nyingi, kwa hiyo swali hili lina maana leo kuliko jana.

Filimbi ya kuvuta pumzi, kupumua kwa shida, midomo kuwa ya bluu: msingoje asubuhi. Njooni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini ngozi ya bomba la pumzi inaumia haraka ikibanwa?
2. O'Dwyer alifuata sheria gani nne katika kutengeneza kibomba chake?
3. Baloni ya zamani na baloni ya sasa zinatofautiana namna gani?
4. Msukumo wa baloni uwe kati ya ngapi na ngapi? Chini yake kuna hatari gani? Juu yake kuna hatari gani?
5. Mtoto wa miaka 4 anahitaji mpira wenye baloni wa kipimo gani? Na usio na baloni?
6. Mgonjwa anaanza kupumua kwa filimbi wiki ya tano baada ya kutoka hospitali. Utamuuliza nini kwanza?

Mkijibu haya bila kufungua kitabu, mtakuwa mmefahamu. Kisha nendeni kwenye vitanda, mkapime baloni.